Uwanja umekuwa pori mpaka dirishani, hela ya pevin hatuna: tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tumehamia nyumba ya marehemu baba mkwe huku Uyole, ilikaa kama miaka 5 haina mtu. Nyumba yenyewe iko vizuri ila uwanja ni pori tupu, ndago, sangari, mashona nguo, majani yanafika dirishani. Halafu kuna mteremko, mvua ikinyesha maji yote yanakuja ukutani. Tumeshaweka vibarua mara 2 wakalima uwanja wote lakini mvua ikipiga yanarudi kuliko mwanzo. Fundi katuambia dawa ni kumwaga pevin, vile vitofali vya kutandaza chini, uwanja wote, milioni 4. Hiyo hela hatuna, tuna kama laki na nusu kwa mwezi na jumamosi zetu. Kuna kona moja nyuma majani ni ya kijani mpaka sasa mwezi wa 8 wakati kwingine kote kumekauka, nimefikiria hapo ndo niweke mboga. Tuanzie wapi?

JIBU:

Marahaba dada yangu, na poleni kwa kumpoteza mzee. Swali lako nimelisoma mara mbili maana uwanja wa hivyo nimeukuta Uyole, nimeukuta Iringa, nimeukuta Njombe, na karibu kila mara wenye nyumba wameshatumia hela ileile mliyotumia nyie, vibarua wanne siku mbili, uwanja unabaki mweupe kama kiwanja cha mpira, kila mtu roho safi, mvua zikianza mwezi wa 11 wiki mbili tu pori hilo limerudi. Sasa ntakwambia kitu kimoja na mengine yote yatatokea hapo: usisafishe eneo ambalo huna cha kulifunika. Udongo haukubali kukaa uchi, usipouvalisha wewe utavalishwa na ndago.

Hili nililijua kwa machungu. Mwaka wa kwanza naanza hii kazi nilipewa uwanja Iringa, una mteremko kama wenu, nikaulima wote mwezi wa 10, nikang'oa kila kitu nikasema ukoka ntapanda mvua ikishakolea. Mvua ikaanza kwa fujo, usiku mmoja tu, asubuhi nafika nakuta ule udongo mweusi wa juu umeshuka wote umeingia kwa jirani na kwenye mtaro wa barabara, kumebaki wekundu mgumu na mifereji mtu unazama mpaka goti. Mama mwenye nyumba wala hakunigombeza, alisimama tu barazani anaangalia. Tangu siku hiyo sijawahi kulima uwanja wa mtu wote kwa mpigo na sitalima.

Kwahiyo hao vibarua muwaache kwanza. Na jembe pia weka pembeni kwa upande wa ndago, maana jembe ndo limewaongezea. Fanya hivi ujionee mwenyewe, chukua sepetu au uma wa bustani, chagua shina moja la ndago, zamisha pembeni yake kina cha kama sentimita 20, nyanyua bonge zima la udongo halafu lipasue taratibu kwa mikono. Utaona kwenye shina kunatoka uzi mwembamba mweusi, unaufuata unakuta kipunje cheusi kigumu kama njugu, kwenye hicho kipunje uzi unaendelea, kipunje kingine, uzi, kipunje, kama shanga. Kipasue kimoja kwa ukucha, ndani cheupe kina harufu kali kama ya dawa. Sasa hizo shanga zikiwa zimeungana nyingi zinakuwa zimelala, linaloota ni moja mbili la mbele. Jembe likipita linakata uzi vipande kumi na kila shanga inaamka inaota kivyake. Ndo maana mlilima ikarudi kuliko mwanzo, haikuwa bahati mbaya wala vibarua hawakuwaibia.

Ndago ina udhaifu mmoja mkubwa, haipendi kivuli. Ukiifunika na kitu chenye majani mapana mwaka mzima inachoka, na ukiing'oa kila ikichomoza, kila wiki mbili tatu kabla haijarudisha chakula chini, shanga zinaishiwa. Inataka uvumilivu ila inawezekana.

Sangari ni kesi nyingine. Ile mizizi yake myeupe mirefu inatambaa chini chini, na huu msimu mliopo ndo wake, mwezi wa 8 na wa 9 jua kali na upepo wetu huu wa Mbeya. Inyanyue kwa uma, usiikatekate, kung'uta udongo, itandaze juu ya bati au juu ya mawe, igeuze geuze siku kama kumi mpaka ukiikunja inavunjika kwa mlio. Ikishafika hapo imekufa, weka kwenye mboji bila wasiwasi. Ukiwahi kuirudisha chini ikiwa bado inakunjika umeipanda upya. Mashona nguo yenyewe nyepesi kabisa, inaota kwa mbegu tu, ila sasa hivi imeshakauka ina mbegu zile zinazong'ang'ania kwenye soksi, hivyo ikate taratibu tia kwenye kiroba, usiiburuze uwanja mzima maana utakuwa unasia. Hivyo viroba pelekeni mbali au fukieni shimo refu, kwenye mboji yenu ya kawaida haitapata joto la kuua mbegu. Mwakani ikiota ing'oe kabla ya maua, basi.

Kuchoma moto siwashauri, huu upepo na nyumba za watu karibu hivyo ni hatari, na unachoma mbolea yenu wenyewe. Dawa za kuua magugu kama Roundup najua mtu atakwambia, mi kwenye uwanja wa nyumbani ambao watoto wanacheza na kuku wanachokoa siwekagi, na hata ukipiga mbegu zilizoko chini haziguswi, udongo unabaki uchi unarudi palepale. Kabla hamjaingia humo vaeni gambuti na glavu, tangulieni na fimbo ndefu, miaka mitano pori limekaa nyoka hakosi na chupa zilizopasuka hazikosi.

Sasa mpangilio wenyewe. Kazi ya kwanza sio magugu, ni maji. Ukuta ukilowa kila masika msingi unaharibika na hapo hamtaongelea tena laki na nusu. Mna bahati mvua bado, tembeeni uwanja kutoka juu kuja chini mkiangalia maji ya mwaka jana yalipita wapi, alama zipo, vijiwe vimejipanga mstari, mchanga mwembamba umetulia sehemu moja, mizizi iko nje. Hapo juu ya nyumba, mita tatu nne kutoka ukutani, mtachimba mtaro unaokata mteremko kwa upande, upana sentimita 40 kina 30 unatosha kuanzia, udongo unaotoka uwekwe upande wa chini uwe tuta. Usielekeze maji kwa jirani, yapeleke kwenye mtaro wa barabara au kwenye shimo la kuyanywea.

Kupata mstari sawa hamhitaji mpima. Tengenezeni fremu ya A, wakulima wa huku wengi wanaijua, miti miwili ya mita mbili inaungana juu, mmoja mfupi unapita katikati, kamba inaning'inia kutoka juu ina jiwe. Isimamisheni sehemu, wekeni alama kamba inapogusa ule mti wa katikati, igeuzeni miguu ibadilishane, alama ya pili, katikati ya alama mbili ndo usawa. Mnatembea nayo mguu kwa mguu mnapigilia vijiti, kamba ikikaa katikati mko levo. Mtaro wa kupeleka maji unatakiwa ushuke kidogo tu, kwahiyo kwa kila hatua acheni kamba ichepuke upana wa kidole kuelekea upande maji yanakokwenda. Jumamosi moja mnamaliza. Juu ya tuta pandeni majani ya gwatemala kama mna ng'ombe au jirani anaye, la sivyo mchaichai, unashika udongo vizuri na chai mnakunywa. Nyasi ya vetiva ni bora kuliko vyote kwa mizizi ila ni ya kutafuta.

Mkichimba huo mtaro mtakutana na vijiwe vya kijivu vyepesi, si ajabu mmeshaviona. Chukua kimoja tupia kwenye ndoo ya maji, kinaelea. Hayo ni mawe ya volkano, milima yetu hii Rungwe na Ngozi ilitema zamani sana, na ndo sababu udongo wa Uyole unalimika kirahisi hivi hata kiangazi. Ila upande wa pili ni kwamba unapitisha maji haraka, kiangazi unakauka mapema, kwahiyo kwenu mboji sio mapambo ni lazima. Hivyo vijiwe vidogo vidogo vichekecheni muweke kwenye poti za maua vinasaidia mizizi kupumua. Njiani msiviweke, vinasagika chini ya mguu na mvua inaviondoa.

Baada ya maji, chukueni kipande KIMOJA, kile mnachokanyaga kila siku, mlango wa mbele na kinachoonekana ukikaa barazani. Mita nne kwa tano inatosha sana. Kwa laki na nusu na jumamosi zenu hicho ndo mnakiweza na mkakimaliza, na nakwambia kitu cha kumaliza kinatia moyo kuliko uwanja mzima uliofika nusu. Fyekeni mpaka chini, ndago na sangari zitoeni kwa uma kama nilivyosema, halafu tandazeni maboksi. Maboksi mnapata kwenye maduka ya jumla Mwanjelwa, wengine wanatoa bure, toeni selotepu na zile pini, yalale yakipandiana upana wa kiganja, yamwagieni maji mpaka yalowe chapachapa, juu yake matandazo unene wa sentimita 10. Nyasi mlizofyeka zisizo na mbegu, majani ya migomba, pumba za mpunga kutoka mashineni lakini pumba ziwe chini na nyasi juu maana upepo unazibeba zote. Kama una ndugu Mafinga mwambie akitumie maranda, kule kwenye mashine za mbao yapo milima, ila maranda yakae juu tu usiyachanganye na udongo yatakula rutuba wakati yanaoza. Acheni nafasi ya sentimita 30 kutoka ukutani, mchwa wasipate daraja. Ndago chache zitatoboa maboksi, hizo sasa zinang'oka kirahisi maana chini kumelainika.

Hicho kipande kikikaa hivyo mpaka mwezi wa 11 mkipanda kinapokea. Sehemu ya ukoka ndo mtaondoa matandazo, na mpande mvua ikishashika vizuri, Disemba mpaka Januari, vipande vyenye mizizi kila sentimita 15, kanyaga kidogo. Msichukue ile nyasi ya kikuyu hata mkipewa bure, kwa baridi yetu hii inashamiri mno, inaingia kwenye maua, inapanda mpaka kwenye fensi, mtakuwa mmenunua sangari nyingine.

Na kule kwingine je? Kule kwingine mnafyeka tu. Kimo cha sentimita 10 hivi, kila wiki tatu mvua zikianza, lengo ni kitu kisitoe mbegu, pori lenyewe liendelee kushika udongo mpaka zamu yake ifike. Watu wanaona ni uvivu ila ndo siri yenyewe. Halafu kipande cha pili, kinachofuata zamu, mwezi wa 11 mwagieni maboga. Maboga dada! Majani yale mapana yanatambaa yanatia giza chini, ndago inahangaika, na nyie mnakula majani ya maboga na maboga yenyewe. Kipande cha tatu viazi mviringo, unapanda, unapalilia, unapandishia udongo mara mbili, miezi mitatu minne unavuna, kila hatua hiyo unaokota shanga za ndago na mizizi ya sangari, ukivuna udongo uko laini umesafishwa na viazi vimelipa gharama. Jembe hapo linaruhusiwa kwa sababu unaokota kila kinachotoka, sio kama kibarua anayepindua anaenda zake.

Naomba pia muache kuyaona hayo majani kama uchafu wa kutupa. Wamatengo kule Mbinga wana kilimo chao cha ngoro, kwenye miteremko mikali kuliko yenu, wanafyeka nyasi, wanazipanga chini kwa mistari inayokatana kama nyavu, halafu wanachimba udongo wa katikati wanazifukia, panabaki vishimo na matuta. Nyasi zinaoza zinakuwa mbolea, vishimo vinashika maji, udongo haushuki. Wamefanya hivyo zaidi ya miaka 100. Nyie mna malighafi hiyohiyo inafika dirishani. Ongezeni alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano barabarani, majani yake yana rutuba sana, katakata changanya kwenye mboji. Samadi mkipata ikae kwanza imefunikwa miezi miwili mitatu iive, mbichi inakuja na mbegu za magugu tumboni mwa ng'ombe mnakuwa mmenunua kazi.

Pevin sio mbaya, pevin uwanja mzima kwenye mteremko ndo kosa. Maji yaliyokuwa yananywewa na udongo yote yatateleza yaje ukutani, na ndago itatokea kwenye maungio ya vitofali, nimeshaitwa kuiona. Wekeni njia tu, geti mpaka mlangoni, upana wa mita moja na nusu hivi, na kama kuna gari mistari miwili ya matairi. Hata hiyo ingojee mwakani, kwa sasa moramu iliyoshindiliwa sentimita 10 na mawe bapa ya kukanyagia inatosha. Pembeni ya vitanda tumieni mawe, mabanzi ni rahisi ila yakilala kwenye udongo hayachukui muda yameoza.

Maua msinunue mengi. Zungukeni kwa majirani mwezi wa 12, huku kwetu baridi inapendwa na vitu ambavyo watu wa Dar wanavitamani, haidrenja, agapantasi, dalia, waridi, jeraniumu, rozimari, karibu vyote vinatoka kwa kipandikizi au kwa kugawa shina, na sijaona mama wa Mbeya aliyemnyima mwenzie kijiti cha ua. Kitu kimoja naomba, mkienda kutembea Kitulo kwenye maua yale ya Bustani ya Mungu rudini na picha, msichimbe. Hizo okidi zimeshapungua kwa watu kuchimba viazi vyake vikauzwe Zambia, na hata ukiipanda nyumbani huwa haidumu.

Mti mmoja au miwili wa parachichi, miche ya kubebeshwa, shimo 60 kwa 60 kwa 60, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyoiva, mita 6 au 7 kutoka nyumbani na mbali na chemba, sehemu ambayo maji hayatuami maana mizizi yake inaoza. Ukitunzwa mwaka wa 3 au wa 4 mnaanza kula. Mkaratusi hapana, uwanja huo ni mdogo. Na kwa kuwa mko Uyole, TARI, wale wa utafiti wa kilimo, wako jirani yenu pale, piteni muulizie kupima udongo kabla ya kununua mbolea yoyote ya dukani.

Hela ya mwezi wa kwanza nilikuwa niseme uma mmoja mzuri, gambuti na fyekeo, lakini kuna ile kona yako ya kijani. Hapo nimeshtuka kidogo. Mwezi wa 8 Uyole mvua hakuna tangu wa 5, udongo wenu nimeshasema haushiki maji, sasa kipande kimoja nyuma ya nyumba kinapata wapi unyevu? Mara nyingi sana ni bomba linavuja chini au chemba imepasuka. Usipande mboga hapo kabla hujajua. Fungeni koki zote usiku, someni mita ya maji, asubuhi msome tena kabla hamjafungua kitu, namba ikiwa imesogea ni bomba. Isiposogea muulizeni mtu wa ukoo anayekumbuka mzee alichimbia wapi chemba, halafu mchimbe kishimo kama hatua mbili kutoka hapo kwenye kijani, upande wa chini, mnuse udongo. Ukinuka, laki na nusu ya mwezi huu ni ya fundi wa chemba, hiyo kona pigeni uzio wa miti watoto wasikanyage, na mboga tafutieni sehemu karibu na mlango wa jikoni, juu ya mteremko kuliko chemba. Usiponuka na mita haijasogea basi inawezekana ni chemchemi ndogo, hapo pandeni migomba na magimbi mfurahi. Mkishajua niandikieni ni kipi kati ya hivyo, maana hata mtaro wa juu nitawaambia muuelekeze upande gani kutegemea na jibu hilo.